Gari Lililompumulia Bibi Yako

Kemilembe mwanangu,

Umekwenda Hamugembe kuagana na wenzako, na nimekusikia getini ukisema hutachelewa. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako, si ndani yake, kwa sababu nataka uisome leo, ukiwa bado chini ya paa hili. Sababu iko mwishoni. Tafadhali usianzie huko. Nakujua.

Sitakuandikia habari za kula vizuri wala za vumbi la Dodoma. Mwanamke anayeweza kufungua tumbo la gari la umeme akalifunga tena bila kupigwa shoti hahitaji kukumbushwa kubeba sweta. Nataka tuzungumze juu ya Jumapili ile ya Buganguzi. Tangu msiba tumeishi nyumba moja, tumekula meza moja, tumejadiliana bei ya samaki na majirani na mvua, lakini siku ile hatujaigusa. Mimi ndiye niliyeanza kunyamaza. Basi ni haki mimi ndiye nianze kusema.

Ngoja nianzie kwenye gari.

Nilipostaafu ualimu nilitaka gari la petroli kama la kila mtu, kubwa, la kubebea mikungu ya ndizi na wanakwaya. Wewe ndiye uliyekuja na picha ya kile kigari kwenye simu. Ukaniambia, "Mama, safari zako ni Kahororo, sokoni, kanisani na Rwamishenye. Kwa nini ununue pipa la kubebea glasi ya maziwa?" Nilikasirika. Nilikwambia umeme wetu wenyewe ni wa kuja na kuondoka, sasa gari likiutegemea si nitalala barabarani? Ukanijibu kila swali kwa utulivu ule wa baba yako, Mungu amrehemu, ambao humfanya mtu azidi kukasirika. Mwishowe nilikubali kwa sababu mwalimu mstaafu angeweza kulinunua bila kuuza shamba. Lilikuwa dogo, limeinuka vya kutosha kuruka mashimo yetu, na usiku lilichajiwa ukutani kama simu. Majirani walinicheka. Baba Anitha wa ng'ambo alisema, "Mwalimu kanunua tochi yenye matairi."

Aliyenibadilisha ni bibi yako. Unakumbuka siku ya kwanza tulipomchukua kliniki? Mapafu yake yalikuwa yameshaliwa na moshi wa kuni wa miaka yote ile, na kila gari alilopanda alishuka akikohoa hadi machozi. Akakaa kiti cha mbele, mikono mapajani, kimya. Tulipofika karibu na Rwamishenye akageuka akakuuliza, "Mnaliwasha saa ngapi?" Tulicheka hadi ukasimama kando. Tuliporudi akasema hiki ni chombo cha kwanza ambacho hakimkohozi. Tangu siku hiyo sikulisema vibaya tena gari lile.

Kisha ikaja mashine ya oksijeni. Daktari alipotukabidhi alisema wazi kwamba Mawe, kama ninavyomwita bibi yako, mama yangu, atahitaji kuwa nayo sehemu kubwa ya siku, na kwamba mashine hiyo haitengenezi hewa bila umeme. Wewe ndiye uliyekwenda kuifunga kule kwake Buganguzi, ukamfundisha mjomba wako Josiah kusafisha chujio na kuangalia mrija wa puani. Ukaniambia jambo moja tu, mara moja tu: "Mama, gari lisiende Buganguzi bila kujazwa chaji. Umeme ukikatika kule, gari ndilo litakaloshika."

Ijumaa ile nililitumia gari kutwa nzima, Kashozi mara mbili na wanakwaya, kisha sokoni. Nilirudi nimechoka. Niliuona waya unaning'inia ukutani, nikaupita. Nataka ujue kwamba sikusahau, maana wewe umekuwa ukisema "Mama alisahau." Nilikumbuka, nikaupita. Nilikuwa nimechoshwa na kuambiwa la kufanya na mtoto niliyemfundisha kusoma. Nikasema moyoni, nusu inatosha kufika, tutachaji hukohuko kwa Mawe.

Jumamosi ulipokalia usukani ukaiona ile namba kwenye kioo, ulinitazama. Kuanzia Kemondo hadi tunapanda kuelekea Kamachumu uliendesha kwa ule mguu mwepesi, ukizima kiyoyozi, ukiliacha gari lijishukie lenyewe mteremkoni, na mimi nikajifanya nasinzia.

Mvua ilitukuta tukiwa tumeshafika. Si mvua ya kawaida. Migomba ya nyuma ya nyumba ililala chini kana kwamba imesukumwa na mtu. Jioni, tukiwa mezani, taa zikazimika na mashine ya bibi yako ikapiga ule mlio wake mrefu. Nimekaa darasani maisha yangu yote, nimesikia kengele za kila namna, sijasikia sauti mbaya kama ile.

Wewe ulikuwa umeshainuka. Ulilisogeza gari hadi dirishani pa chumba chake, ukafungua tundu la kuchajia, ukachomeka kile kifaa chako cha kutolea umeme wa gari, ukapitisha waya dirishani, na mashine ikaanza kunguruma tena kabla Josiah hajapata hata kiberiti. Bibi yako alikuwa amefumba macho. Akayafumbua, akasema, "Ah. Mmeliwasha."

Usiku sitausimulia. Tulikuwa pamoja.

Asubuhi umeme haukurudi. Simu hazikushika, maana mnara nao ulikuwa umezimika. Jenereta la duka la pale njiapanda lilikuwa limeharibika tangu mwezi uliopita, na lile la kanisa lilikuwa limepelekwa harusini Kimwani. Josiah akasema atapanda pikipiki hadi hospitali Muleba mjini, akalete gari la wagonjwa, na likikosekana, alete hata mtungi wa oksijeni. Alikuwa ameshaweka mguu juu ya pikipiki ulipomfuata.

"Mjomba," ukasema, "nisikilize kwanza. Gari lina asilimia ishirini na tano. Mashine hainywi sana, lakini gari nalo likikaa macho linajinywea lake. Likifika kumi na tano nimelipanga likatae kutoa umeme. Na likifika kumi na tano halina nguvu ya kutufikisha Muleba kwa vile vilima."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo likifika ishirini, tunaondoka. Hata kama hujarudi."

Josiah akaniangalia mimi, si wewe. "Dada, utamtoa Mama kwenye hewa?"

Hapo ndipo ulipotueleza lile ambalo mimi sikulijua. Kwamba magari makubwa ya umeme yana soketi ndani, yanaweza kwenda huku yakilisha mashine. Letu ni la bei nafuu. Hutoa umeme likiwa limesimama tu, na ukishachomeka waya tunduni, magurudumu hayazunguki. Njia nzima hadi hospitali, bibi yako angepumua kwa mapafu yake mwenyewe.

"Nitarudi kabla ya hapo," Josiah akasema. "Msimtoe. Nitarudi." Akaondoka, tope likimrukia mgongoni.

Tulikaa, Kemi. Mimi kitandani kwa Mawe, wewe mlangoni mwa gari, unakwenda na kurudi. Kila ulipoingia nilikutazama usoni na wewe ukanitajia namba, na mimi nikatamani unidanganye. Mawe alikuwa akizungumza. Aliuliza kama mbuzi amehamishiwa majani mapya. Aliuliza kwa nini Josiah hajanywa chai. Midomo yake ilikuwa na rangi nzuri. Ndiyo iliyonidanganya, ile rangi nzuri. Nilisahau kwamba rangi ile ilikuwa inatoka kwenye gari.

Ukaja ukasema, "Mama, ishirini."

Nikasema, "Bado kidogo. Atakuwa njiani."

"Mama, tulikubaliana."

"Mlikubaliana ninyi. Mimi sikukubali chochote."

Ukapiga magoti ukaanza kufunga vitu vya bibi yako kwenye kanga. Mimi nikaenda dirishani nikaushika waya. Nilikuwa nimeushika kwa mikono yote miwili, naona hata leo. Nilikwambia ukiuchomoa waya huu na Mawe akatufia barabarani, utasema nini mbele ya ukoo? Nilikwambia wewe ni mtoto. Nilikwambia gari hili hili ulilonilazimisha kununua ndilo limetufunga hapa. Na ulijua, na mimi nilijua, ni nani hakulichaji. Hukulisema. Ungeweza kulisema, lingekuwa kweli, na mimi ningeuachia waya kwa aibu. Nimelifikiria sana hilo. Ulikuwa na jiwe mkononi, hukulirusha.

Ulisema tu, "Kumi na tisa."

Halafu bibi yako, ambaye tulidhani hatusikii, akasema kutoka kitandani, "Nyie watu, nipeni viatu vyangu."

Nikauachia.

Ulinikalisha kiti cha nyuma, ukamlaza Mawe kifuani mwangu akiwa ameketi nusu, mashine mkaiweka kwenye buti wewe na mke wa jirani. Kabla hujachomoa ulimwinamia ukamwambia, "Bibi, vuta kwa pua taratibu, toa kwa mdomo kama unapuliza uji. Usiongee kabisa. Hata ukiona naendesha vibaya." Akatabasamu. Ukachomoa.

Sijui kama umewahi kukaa na mtu kifuani ukahesabu pumzi zake. Mwanzo zilikuwa sawa. Tulipopita shule zikawa fupi. Nilikuwa nakupigia kelele uongeze mwendo, na wewe ukawa unajibu kwa sauti ileile moja, "Nikiongeza mwendo hatufiki, Mama. Puliza uji, Bibi." Nilikuchukia kidogo wakati ule. Nakuandikia ukweli. Nilikuona mgumu. Baadaye tu, tuliposhuka, ndipo nilipoona usukani umeloa jasho la viganja vyako.

Kisha ile kona, na ule mkaratusi umelala barabara nzima.

Kulikuwa na wanaume sita au saba wenye mapanga na msumeno mmoja. Mzee mmoja aliyevaa koti la suti na gambuti akaja dirishani. "Waitu, ndugu zangu, poleni," akasema. "Pikipiki zinapita kwa chini, kwenye vibanja, katikati ya migomba. Gari rudini. Shina hili ni kazi ya mpaka mchana."

Nilianza kulia. Ulishuka, ukafungua buti, ukaitoa mashine ukaiweka kwenye tope tupu, ukachomeka waya, ukampachika bibi yako mrija puani. Mashine ikanguruma pale katikati ya barabara. Wanaume wakaacha kukata.

Yule mzee akainama akatazama waya ulipoanzia na ulipoishia. "Binti, hili gari linampumulia huyu mama?"

"Ndiyo, baba. Lakini likimpumulia sana, halitatembea."

Akageuka akawafokea wenzake kwa Kihaya waliache shina, wakate matawi ya upande wa kilele, upande wa mtaro. Nilielewa kabla yako: walikuwa wameliona gari letu lilivyo dogo. Lori lisingepita pale hata kwa siku mbili. Walikata, wakaburuta, wakajaza mtaro kwa matawi na majani ya migomba, na ulipochomoa tena na kulipitisha, wanne walikuwa wamelishika ubavuni lisiteleze. Yule mzee alikuwa akitembea kinyumenyume mbele yako, akikuonyesha kwa mikono, kushoto, kushoto, basi. Hatukumuuliza jina. Hilo nalo linaniuma.

Kwenye mteremko wa mwisho namba ilipanda kwa moja. Nilidhani kioo kimeharibika. Ukasema, "Linajirudishia, Mama. Mlima unatulipa." Hiyo ndiyo sentensi pekee uliyoisema siku ile ambayo ndani yake nilisikia sauti yako ya kawaida.

Pumzi za Mawe zilikuwa zimekuwa kama za mtoto anayelia usingizini. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Tulifika getini namba ikiwa nyekundu, na wauguzi walitoka wakikimbia kwa sababu uliibana honi ukaiacha hapohapo. Walipomwekea hewa, daktari kijana akasema, "Mmemfikisha." Ulikwenda ukakaa sakafuni, mgongo ukutani.

Josiah, wakati huo, alikuwa amefika nyumbani. Hilo ndilo tulilokuja kulijua jioni. Gari la wagonjwa lilikuwa safarini Bukoba, akabembeleza, akapewa mtungi, akaufunga nyuma ya pikipiki kwa mipira, akarudi kwa njia ya vibanja kwa sababu ya ule mti. Tulipishana naye. Sisi juu barabarani, yeye chini migombani. Aliingia chumbani kwa Mawe na mtungi begani, akakuta kitanda.

Mawe alikaa hospitalini siku kadhaa. Alizungumza, alikula, alimsema muuguzi kuhusu chumvi. Mchana mmoja akatutoka, mimi nimemshika mkono, wewe umekwenda kununua maji. Ulisimama mlangoni na chupa mbili. Daktari alituambia mapafu yalikuwa yamechoka, kwamba ingetokea tu. Nilimwamini nusu. Na wewe najua hukumwamini hata nusu.

Sasa msibani.

Watu walikuwa wametoka makaburini, wako chini ya turubai, wewe unagawa chakula. Josiah akasimama kushukuru watu. Alianza vizuri. Kisha akasema, "Mama yetu alitolewa kwenye hewa akiwa anapumua vizuri. Mimi nilikuja na mtungi nikakuta kitanda. Gari lililetwa kijijini bila chaji, na mtoto akaamua badala ya watu wazima." Watu wote wakakugeukia. Ulikuwa na sinia mkononi. Uliendelea kugawa hadi sahani ya mwisho, ukalipeleka sinia jikoni, ukakaa huko ukiosha vyombo hadi jua likazama.

Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, hatua chache tu kutoka kwa ndugu yangu. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: "Gari nililiacha mimi." Sikuyasema. Shangazi mmoja aliyeketi ubavuni mwangu akanong'ona, "Watoto wa siku hizi na vyuo vyao," na mimi nikatikisa kichwa, Kemi. Nilitikisa kichwa kukubali.

Nimejiuliza kwa nini. Nilijidanganya kwamba ni heshima ya msiba, kwamba ndugu hawagombani juu ya kaburi bichi. Si kweli. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo mtu ataniuliza, "Na wewe uliyekuwepo, unaonaje, mngesubiri?" Na jibu sikuwa nalo. Sinalo hata leo. Labda tungesubiri, Josiah angefika na ule mtungi, na Mawe angekuwa anaota jua uani sasa hivi. Labda mtungi ungekwisha mchana na sisi tuko pale na gari lisilotembea. Labda tungeondoka kwenye ishirini badala ya kumi na tisa, asingechoka vile. Labda ningechomeka waya Ijumaa. Nimezigeuza hizo labda kila upande kama mtu anayeanika kahawa, hazikauki.

Ninachotaka uende nacho ni hiki, na si hekima, ni kitu kilichoniuma tu. Nilifundisha hesabu kwa miaka mingi, nikawazoesha watoto kwamba nyuma ya kitabu kuna majibu. Wewe umechagua kazi ambayo mtu atakuletea gari lililokufa na maisha yake ndani yake, nawe utaamua kwa namba uliyo nayo wakati huo, na hakuna nyuma ya kitabu. Siku ile uliamua kwa namba uliyokuwa nayo. Sisi wengine tuliamua kwa hofu. Lakini siwezi kukuapia kwamba uamuzi wako ndio uliokuwa bora. Naweza kukuapia tu kwamba ulikuwa uamuzi, na ulikuwa wako, na uliubeba mwenyewe wakati mama yako mzazi ameketi kwenye mkeka akitikisa kichwa.

Wiki iliyopita ulidhani nimekwenda Kamachumu kwa mama mchungaji. Nilikwenda Buganguzi. Nililichaji gari usiku kucha, nikaliendesha mwenyewe njia ile kwa mara ya kwanza. Josiah alikuwa uani anageuza kahawa kwa reki kwenye mkeka. Hakuinuka.

"Umekuja peke yako," akasema.

"Nimekuja kukwambia kitu. Gari nililiacha mimi bila chaji. Kemi aliniambia nichaji, nikakataa kwa kiburi. Na alipotaka kuondoka mimi niliushika waya. Tulichelewa kwa sababu yangu."

Aliendelea kugeuza kahawa. Nilidhani hakusikia. Kisha akasema, "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa."

"Uliniacha nimseme mtoto."

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wote, dada."

"Ndiyo, Josiah."

Akaitupa ile reki. Nilidhani atanifukuza, na angenifukuza ningekwenda. Akakaa chini palepale kwenye kahawa. Akasema, "Mimi ule mtungi niliubeba hadi ndani. Niliuweka juu ya kitanda. Sijui kwa nini niliuweka juu ya kitanda. Nikakaa nao pale. Nilikuwa na hasira na kila kitu kilichokuwa na magurudumu." Alilia kama mwanamume asiyejua kulia, kwa kukohoa. Sikumgusa. Hatukupatana kabisa wala hatukugombana. Nilipoondoka akasema, "Nikija kumwomba radhi Kemi, atanisikiliza?" Nikasema sijui. Nikamwambia, na hili nalirudia kwako, kwamba ulisemwa mbele ya turubai zima, na radhi ya chumbani haitoshi. Akasema ameelewa. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, aliomba nafasi akasimama kanisani akayasema yote, ya kwake na ya kwangu, kwa jina langu. Mke wa jirani ndiye aliyenipigia simu. Kwa hiyo kule Buganguzi sasa wanajua. Wengine watakuwa wananisema mimi. Waache waseme, ni zamu yangu.

Hukunieleza kwa nini uliomba kazi mbali vile, na sikuuliza. Sehemu moja najua ni kazi yenyewe. Niliyaona macho yako ulipoeleza habari za karakana ile ya Dodoma. Sehemu nyingine najua ni sisi. Sikuombi ubaki. Sikuombi usamehe, maana nimewaona watu wengi wakisamehe haraka ili wengine wale chakula kwa amani, na chakula chenyewe hakina ladha. Chukua muda wako. Hata ukiuchukua wote.

Ila kuna jambo la leo, na ndiyo sababu nilitaka usome kabla ya kulala. Mjomba wako yuko Bukoba. Amefika alasiri, amefikia kwa rafiki yake Kashai, hakutaka kuja hapa bila ruhusa yako. Anaomba kuja stendi kesho asubuhi, kukuona tu kabla basi halijaondoka. Ameniuliza mimi, nimemwambia stendi ile kesho si yangu, siwezi kumkaribisha mtu kwa niaba yako.

Ukitaka aje, niambie. Ukikataa, niambie vilevile. Nitampigia simu hapohapo mbele yako, niseme hapana kwa mdomo wangu mwenyewe, bila kuzunguka na bila kukutaja kama mtoto. Na yeyote atakayeniuliza kesho, keshokutwa, au kwenye msiba mwingine wowote, nitamjibu hivyohivyo.

Ukimaliza kusoma, njoo. Niko jikoni.

Mama yako